Bunduki ya Darini na Nyundo Iliyopotea

Na Karani wa Mbita

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Neno hili nalilijua tangu utoto wangu shuleni, lakini sikuujua uzito wake mpaka asubuhi moja mzee wa Rusinga alipovuka daraja, akaja mezani pangu hapa Mbita, akaniuliza jambo lisilokuwamo katika fomu yo yote ya ofisi yetu.

"Karani, mwanangu," alisema baada ya kuamkiana, "wewe umesoma kwa mapadre. Hebu niambie, mtu akitaka nyundo ya bunduki ya zamani, ataipata duka gani?"

Nilishtuka kidogo, maana bunduki si neno la kutajwa hivi hivi mbele ya meza ya serikali. Nikampa kiti, nikamwomba aanze mwanzo. Akaeleza kwamba jiko la marehemu mama yake lilikuwa likibomolewa, na wajukuu walipoteremsha nyasi za paa waliona kitu kirefu kilichofungwa kwa ngozi darini, juu kabisa ya mafiga. Kumbe ilikuwa bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo, yaani gobori. Wazee wa ukoo walisema kwamba ilikuja kwa mashua kutoka upande wa Mwanza, katika siku za babu yake. Mtutu ulikuwa mzima na kitako kilikuwa cheusi kwa moshi. Lakini nyundo, ile ipigayo fataki, haikuwapo.

Basi mzee alikuwa na shauri lake. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, na siku ya tero buru, ile desturi ya Wajaluo ya kuyafukuza mauti mbali na boma, alitaka bunduki ya babu ilie mara moja tu kwa heshima ya marehemu. Fundi mmoja wa sokoni alikuwa amekwisha kubali kumchongea nyundo mpya kwa chuma cha springi ya gari. Ila kifa, yaani kile kidude chenye tundu kinachovalishwa fataki, kilikuwa kimeshikwa na kutu. Kwa hiyo fundi alisema kwamba Jumamosi atautia mtutu motoni, apate kukilegeza.

Mimi si askari wala si fundi. Lakini nilipata kusoma kidogo habari za silaha za kale, nami nikamwuliza swali moja: "Jaduong', bunduki hiyo ni tupu?"

Alicheka. "Mwanangu, haina nyundo. Itakuwaje na kitu ndani?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

TULIVYOANZA

Sikumwambia mzee arudi kuileta bunduki. Nilimwomba ampigie mjukuu wake simu, aagize iachwe palepale ilipo, pasiwe na moto karibu, wala mtu asisimame mbele ya mdomo wake. Kisha tukaenda pamoja kwa polisi kutoa taarifa. Mzee alikwenda kwa miguu mizito, maana alidhani kwamba atalala ndani. Afisa aliyetupokea alimsikiliza kwa upole, akaandika maneno yake, akatuambia tungoje mtu ajuaye kazi ya silaha.

Tulipokuwa tukingoja chini ya mti, mzee alitaka kujua kwa nini nina hofu na kitu kisichoweza kufyatuka. Nikamweleza kwanza bunduki hizi ni kitu gani na zilitoka wapi. Naona yafaa niwaeleze na wasomaji, kwa kuwa asiyejua bunduki yake ni ya namna gani hawezi hata kuuliza kiungo chake.

MAJINA MATATU

Lugha ya Kiswahili imeihifadhi historia ya silaha hizi katika majina yake. Ya kale zaidi ni bunduki ya mrao. Mrao ni utambi uwakao polepole. Mpigaji aliushusha juu ya baruti, nao ukaiwasha. Ikafuata bunduki ya gumegume, yaani jiwe gumu lililobanwa katika mdomo wa nyundo. Lilipopiga bamba la chuma, cheche ziliangukia baruti. Mwisho ikaja bunduki ya fataki, iliyoenea katika karne ya 19. Fataki ni kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake. Huvalishwa juu ya kifa, na nyundo ikikipiga, moto hupita katika tundu ukaifikia baruti.

Zote tatu hushindiliwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi au marisau, na vyote husukumwa chini kwa ufito uitwao mdeki. Baruti yenyewe ni ile nyeusi ya zamani, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti.

Zilifikaje hata kwetu ziwani? Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Mkataba ule ulisema kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi zisiuzwe ila kwa serikali yake. Lakini katika bandari zake nyingine zilikuwa huru kuuzwa kwa atoaye bei kubwa. Kutoka pwani misafara ilizichukua mpaka Tabora na Ujiji, na hata Buganda, ng'ambo ya ziwa hili. Speke alipofika huko mwaka 1862 alimkuta Kabaka Mutesa akizipenda sana bunduki.

Jambo la pili si wengi walijuao. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika nchi za Afrika zilizo kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini. Lakini bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Ndiyo maana mafundi wa Birmingham katika Uingereza na wa Liège katika Ubelgiji waliendelea kuziunda bunduki za mtindo wa kale kwa ajili ya Afrika, ingawa majeshi ya Ulaya yalikuwa yamekwisha ziacha zamani. Na katika mji mdogo wa Brandon, Uingereza, watu waliendelea kupasua mawe ya gumegume kwa biashara hiyo hata katika karne ya 20.

Basi tujue hili: umbo la bunduki silo umri wake. Mtu aweza kuona mtambo wa mtindo wa mwaka 1800, kumbe bunduki iliundwa karibu na mwaka 1900. Ni lazima kutazama alama. Liège walipiga herufi ELG baada ya kuujaribu mtutu. Birmingham walikuwa na nyumba yao ya kujaribia mitutu tangu sheria ya mwaka 1813, nao wana alama zao. Neno TOWER lenye taji juu yake lilikuwa alama ya bunduki za jeshi la Uingereza, lakini liliigwa sana katika bunduki za biashara. Kwa hiyo peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

YALIYOKUWAMO NDANI

Alasiri tulivuka na askari wawili mpaka bomani kwa mzee. Yule fundi wa sokoni naye alikuwa amekwisha fika, amekuja kuichukua kazi yake. Mmoja wa askari wale alikuwa amefundishwa habari za silaha. Aliwaondoa watoto wote nyuma ya nyumba, akailaza bunduki juu ya magunia, mdomo wake ukielekea ziwani mahali pasipo na watu wala mitumbwi. Akatwaa ufito wa mti, akautia mtutuni polepole mpaka ukakoma, akaweka alama ya chaki mahali mdomo ulipoishia. Kisha akautoa ufito, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa sawasawa na mdomo.

Ncha ya ufito haikufika penye kifa. Ilipungua kiasi cha inchi nne.

Askari hakusema neno. Alitazama tu, nasi tukatazama. Kisha akatuambia, "Imejaa."

Namna alivyoyatoa yaliyokuwamo sitaieleza hapa, maana si kazi ya mtu asiyefundishwa, nami sitaki msomaji aijaribu kwa sababu ameisoma gazetini. Yatosha kusema kwamba jua lilipoanza kushuka, juu ya gunia palikuwa na kitambaa kilichooza, marisau mengi ya risasi, vipande viwili vya chuma kama kichwa cha msumari, na baruti nyeusi ya kujaza kiganja. Askari alichukua chembe chache tu, akaziweka juu ya bati mbali nasi, akazigusa kwa njiti ndefu yenye moto. Ziliwaka papo hapo kwa mwanga mkubwa na moshi mweupe.

Watu wengi hudhani kwamba baruti ya zamani hufa kwa uzee. Sivyo. Baruti nyeusi adui yake ni maji. Ikikaa pakavu yaweza kukaa zaidi ya miaka 100 na nguvu zake zikawamo. Na ni mahali gani pakavu kuliko dari ya jiko? Moshi ule ule uliozuia mchwa wasile kitako ndio uliokausha baruti siku zote. Marehemu mama yake mzee alipika chini ya mtutu ule tangu alipoolewa. Watoto wake walilala pale siku za mvua.

Fundi alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono magotini. Nilimwendea. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Karani, Jumamosi mwanangu ndiye angevuta mivukuto." Kwa kweli mtutu uliojaa ukitiwa motoni hauhitaji nyundo wala fataki. Joto lenyewe laiwasha baruti, na mtutu uliolika kwa kutu waweza kupasuka na kuwarushia vipande wote waliouzunguka.

Simlaumu fundi huyu. Alikuwa akifanya kazi aliyoizoea kwa chuma asichokizoea. Nchi ya ziwa hili ina mafundi wa chuma tangu kale. Majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Samia yaliuzwa huku na huku kandokando ya ghuba kabla ya majembe ya dukani kuja. Lakini bunduki ya zamani ina tabia zake, na kila azishikaye yampasa kuzijua.

KWA NINI KIUNGO CHA HII HAKIINGII KATIKA ILE

Siku chache baadaye mzee alirudi ofisini. Hofu ilikuwa imempungua, lakini swali lake la kwanza alikuwa nalo bado. "Sitaki tena ilie," alisema. "Lakini bunduki ya babu bila nyundo ni kama mtu asiye na mkono. Nyundo hupatikana wapi?" Niliona kwamba mzee anastahili jibu kamili, nikatafuta habari. Niliyoyapata ni haya.

Kwanza, hakuna nyundo ya bunduki ya zamani kwa jumla, kama vile kuna plagi ya injini ya mashua inayouzwa kwa namba. Bunduki ya Birmingham ilipita katika mikono ya mafundi wengi: mmoja alifua mtutu, mwingine alifanya mtambo, mwingine alichonga mti, mwingine alitengeneza parafujo, kila mtu katika karakana yake ndogo, mfano wa jua kali zetu. Mwisho mmoja akavikutanisha viungo vyote, akivipunguza kwa tupa mpaka vikaketi vizuri. Matokeo yake ni kwamba bunduki mbili zilizotoka nyumba moja, siku moja, huenda zisibadilishane hata parafujo. Ni baada ya mwaka 1850 kiwanda cha serikali kule Enfield kilipoletewa mashine kutoka Marekani ndipo viungo vya bunduki moja ya jeshi vikaweza kuingia katika nyenzake. Bunduki za biashara zilizoletwa kwetu hazikufanywa hivyo.

Hata parafujo zenyewe ni fumbo. Joseph Whitworth alitoa shauri lake la kusawazisha meno ya parafujo mwaka 1841, na kabla yake kila karakana ilikata meno kwa kipimo chake. Mtu akilazimisha parafujo ya leo katika tundu la zamani ataliharibu tundu, na uharibifu huo haurudi.

WATENGENEZAJI WADOGO WA LEO

Pili, ziko nchi ambazo kupiga shabaha kwa bunduki za baruti nyeusi ni mchezo wenye vyama na sheria zake. Katika Marekani chama cha watu wa bunduki za kushindilia kilianzishwa mwaka 1933. Mwaka 1954 Turner Kirkland alifungua duka lake, Dixie Gun Works, katika mji wa Union City, Tennessee, akiuza bunduki za kale na viungo vyake. Na huko Italia, katika bonde la Gardone Val Trompia ambalo watu wake wamefanya mitutu kwa karne nyingi, kampuni ya Davide Pedersoli ilianzishwa mwaka 1957, nayo huunda nakala mpya za bunduki za kale. Marekani ilipokumbuka miaka 100 ya vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya 1961 na 1965, nakala hizo zilitakwa sana, na kazi ikakua.

Lakini kampuni kubwa huuza viungo vya nakala walizoziunda wenyewe. Mwenye bunduki ya kale iliyofanyiwa biashara ya Afrika aghalabu hapati kitu kwao. Humpasa kuwatafuta watengenezaji wadogo, mtu na mwanawe labda, au wazee wawili katika karakana nyuma ya nyumba, wenye sanduku la vielelezo walivyovikusanya maisha yao yote.

Kazi yao hufanywa hivi. Mtengenezaji hutwaa kiungo halisi cha kale kilichosalimika, akakifanyia kalibu. Katika kalibu hiyo humimina nta, ikatoka nyundo ya nta. Nyundo ya nta hufunikwa kwa udongo maalumu, ukatiwa moto. Nta ikayeyuka ikatoka, pakabaki uwazi wa umbo lake. Ndani ya uwazi huo humiminwa chuma kilichoyeyuka. Kikipoa, udongo huvunjwa na nyundo ya chuma hupatikana.

Hapo pana mambo mawili ambayo mnunuzi asipoyajua atalia. La kwanza, chuma hujikunyata kinapopoa; kwa hiyo kiungo kilichotolewa kwa kielelezo cha kale huwa kidogo kuliko kielelezo chenyewe, ijapo kwa kiasi kidogo. La pili, kiungo hicho huja kibichi. Hakina tundu, au tundu lake halijafika kipimo. Uso wake una chunusi. Na kama ni kamani au bamba la kupigwa na gumegume, hakijatiwa ugumu unaokifaa. Aliyenunua akadhani amenunua kitu cha kufunga na kuondoka amejidanganya. Amenunua nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ya fundi mwenye tupa na subira. Na kwa kuwa mtengenezaji mdogo hungoja maagizo yamfikie mengi kabla ya kuyeyusha chuma, kungoja kwa miezi si ajabu.

Mwenye kuuliza kwa mtengenezaji wa namna hii yampasa aandike barua iliyo kamili. Aeleze mtambo ni wa mrao, wa gumegume au wa fataki. Aeleze alama zote azionazo, hata zile asizozisoma vizuri. Apeleke picha za mtambo kwa pande zote mbili, rula ikiwa imelazwa kando yake. Apime kutoka katikati ya mhimili ushikao nyundo mpaka katikati ya kifa, maana nyundo fupi haiifikii fataki, na ndefu hupita juu yake. Aeleze umbo la mhimili huo, kama ni wa mraba au wa mviringo. Wala asipeleke bunduki yenyewe wala kipande chake po pote kabla ya kupata ruhusa.

Tena amwulize muuzaji waziwazi: kiungo hiki ni cha kale, au ni kipya? Muuzaji mwaminifu atasema. Walio waaminifu hupiga alama ndogo au mwaka upande wa ndani usioonekana, ili kesho na keshokutwa mtu asidanganywe kwamba ni cha asili. Wapo wengine ambao hukichovya kipya katika dawa ya kukizeesha, wakakiuza kwa bei ya kale. Kiungo kipya si aibu. Aibu ni kukificha.

SHERIA HUTANGULIA

Tatu, na hili ndilo lingekuwa la kwanza kama watu wangependa kusikiliza: katika Kenya silaha zatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na iko Bodi ya Leseni za Silaha kwa ajili ya kazi hiyo. Mtu asijifariji kwa kusema, "Ni ya zamani," au "Imevunjika," au "Ni kipande tu." Viungo vya silaha navyo vimo katika mambo ya sheria, na kazi ya kutengeneza bunduki si ya kila mwenye mivukuto, yataka ruhusa. Jirani zetu wa Tanzania wamo wakulima wenye magobori kwa kibali, lakini kibali cha huko si kibali cha huku, wala kuvuka ziwa hakubadilishi neno hili. Na nchi nyingi huchunguza viungo vya bunduki vitokapo na viingiapo. Kifurushi kilichokuja bila karatasi zake chaweza kumletea mzee mwema mashaka ambayo hakuyatafuta.

Basi atakayeona silaha ya kale katika nyumba yake na afuate utaratibu huu. Aiache ilipo. Aiweke mbali na moto na watoto. Aihesabu kuwa imejaa, hata kama haina nyundo, haina kifa na haina kitako. Aende yeye mwenyewe kutoa taarifa kwa polisi au kwa chifu wake, asiibebe njiani. Wakiisha itazama wenye kuijua, na wakubwa wakatoa shauri lao kwa maandishi, ndipo azungumze habari za viungo. Na hata akiruhusiwa kuwa nayo, mtutu wa kale usiojaribiwa upya na wajuzi si wa kupigwa, hata kama nyundo yake mpya inang'aa. Nyundo hurudisha sura ya bunduki; nguvu ya mtutu uliolika hairudishi.

NYUNDO YA MTI

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiri. "Karani, kama ni sura tu, kwa nini iwe ya chuma?"

Kwa hakika watunzaji wa makumbusho hufuata kanuni hiyo hiyo: kitu kinachoongezwa katika kitu cha kale kiweze kutambulikana kuwa ni kipya, na kiweze kuondolewa bila kukidhuru cha kale. Nyundo ya mti hutimiza yote mawili, tena haipigi cho chote.

Mzee alikwenda kwanza kwa afisa, akaomba ruhusa. Alipoipata, alimwendea fundi yule yule wa sokoni. Fundi alifika akapima mtambo mbele ya askari, akaandika vipimo katika karatasi ya daftari, akarudi kwake. Alichonga nyundo kwa kipande cha mti mgumu, akaipaka mafuta meusi, na upande wa ndani akachoma kwa msumari wa moto mwaka alioifanya. Nilimwuliza kwa nini aweke mwaka. Akasema, "Wewe ndiwe uliyesema kwamba aibu ni kuficha."

Bunduki yenyewe ingali mikononi mwa polisi, tupu, na karatasi zake zinangoja shauri la wakubwa. Mzee amewaambia wanawe kwamba likikubaliwa, angependa silaha ile iwekwe mahali pa kutunzia mambo ya kale ya Wasuba, kama makumbusho yao ya kisiwa cha Mfangano, ili watoto wa shule waione na waelezwe ilikotoka. Likikataliwa, atapokea. Nyundo ya mti anayo yeye, imefungwa katika ile ngozi iliyotoka darini.

Tero buru ilifanyika kwa ng'ombe, ngoma na pembe, kama ilivyofanywa kabla ya bunduki kufika ziwani. Mimi nilihudhuria. Yule mtoto wa fundi alikuwapo, anakimbia na wenzake nyuma ya ng'ombe, mavumbi mpaka kichwani.

Ndugu msomaji, jiko lako nalo lina dari. Kama wazee wako walisafiri, waliwinda au walifanya biashara, leo kabla ya kuwasha moto wa jioni, muulize mama yako au nyanya yako ni kitu gani kimefungwa kule juu.